Kotmiri au mchicha: nilivyoishia kupima sahani ya mama kwenye mizani

Mama yangu anakunywa wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, tuanzie hapo, maana bila hiyo nisingekuwa mtu wa kuamka usiku nipime kotmiri kwenye mizani kama sonara.

Mguu wa kushoto ulimvimba mwaka juzi. Alikuwa ametoka Tanga na basi, amekaa kwenye siti masaa yote yale, sisi tukajua ni uchovu wa safari tu, tukamkanda na maji ya moto siku mbili (usimkande mtu mguu wa hivyo, daktari alitusema mpaka nikaona aibu), siku ya tatu mguu umekuwa mgumu una joto, hospitali wakapiga atrasaundi wakasema damu imeganda kwenye mshipa wa ndani. Akachomwa sindano za tumboni siku kadhaa huku ameshaanzishiwa vidonge vya wafarini, na tukaambiwa kila baada ya muda aje kupima INR, yaani damu yake inachukua muda gani kuganda. Mtu asiyekunywa dawa anakuwa kwenye 1 hivi, mama alitakiwa akae kati ya 2 na 3. Chini ya hapo damu inaweza kuganda tena, juu ya hapo anaweza kuvuja.

Mwanzo mambo yakaenda vizuri, 2.4, 2.6. Sa ikatokea nini, mtu mmoja wa hukohuko kliniki, simtaji, akamwambia mama "bibi, mboga za kijani acha kabisa, zinaua dawa". Mama ni mtu wa kutii, akiambiwa na mtu aliyevaa koti jeupe hana swali la pili. Akaacha mchicha, akaacha matembele, kisamvu, hata kotmiri kwenye kachumbari anaitoa jani moja moja anaiweka pembeni ya sahani. Wiki tatu hivyo. Siku moja nikamuona anatema mate mekundu akipiga mswaki, na mkononi pale bangili inapokaa pana alama nyeusi kama kapigwa. Tukaenda, INR 4.9.

Daktari aliyekuwepo siku hiyo, kijana tu, akamsimamisha dawa siku mbili halafu akauliza kilichobadilika nyumbani. Mama akajibu kwa fahari kabisa, "nimeacha mboga baba, kama mlivyosema". Yule kijana akashika kichwa. Akatueleza taratibu kwamba ini linatumia vitamini K kutengeneza vitu vinavyogandisha damu, na wafarini kazi yake ni kuizuia ile vitamini isitumike tena na tena, kwa hiyo kipimo cha dawa anachopewa mama kimepangwa kulingana na vitamini K anayokula kila siku. Akiikata ghafla dawa inamzidi nguvu, akiiongeza ghafla dawa inazidiwa. "Mi sitaki aache, nataka ale kilekile kiasi kilekile." Maneno yake hayo ndo nikaondoka nayo.

Rahisi kusema. Nyumbani kwetu nani anajua mchicha aliokula Jumanne ni kiasi gani?

Nikaanza kutafuta kwenye simu, na hapo ndo nikapata presha ya bure. Kuna orodha niliipata imeandika kotmiri ina maikrogramu 1640 za vitamini K kwa gramu 100, nikasema basi, kotmiri imekufa ndani ya nyumba hii. Siku mbili baadae najiuliza mbona hizi namba zinatofautiana hivi, kumbe ile orodha ilikuwa imetafsiriwa, jani lenyewe lilikuwa parsley, lile la majani yaliyojikunja wanalopambia sahani mahotelini. Kwa Kiswahili majina haya yanachanganywa sana, kotmiri, giligilani, dania kwa wenzetu wa Kenya, mtu anaandika lolote. Kotmiri yetu hii ya sokoni, yenye ile harufu ukiisugua kidogo tu mkono mzima unanuka pilau, kwenye jedwali la Wizara ya Kilimo ya Marekani ina maikrogramu 310. Parsley ni mara tano yake. Na mchicha mbichi, kaa vizuri, 1140.

Nikaziweka pembeni kwa pembeni kwenye daftari la mtoto la hesabu. Nguvu zinafanana kabisa, kalori 23 kwa 23, yote mawili ni maji matupu karibu. Chuma kotmiri 1.8 mchicha 2.3, miligramu hizo. Kalsiamu mchicha umeacha mbali, 215 kwa 67, ingawa mchicha una okzaleti inayoikamata kalsiamu kwa hiyo mwili hauipati yote. Vitamini C 43 kwa 27, ila hapa mi naipa kotmiri nafuu maana inaliwa mbichi, mchicha unakaa jikoni mpaka unalegea na vitamini C inapungua kwenye moto. Kilichonishangaza ni vitamini A, kotmiri inaushinda mchicha zaidi ya mara mbili. Sikutegemea. Ile ya kunyunyizia tu juu ya supu!

Lakini hiyo yote ni gramu 100, na hapo ndo nilipokuwa nakosea wiki nzima. Nani anakula gramu 100 za kotmiri? Nikaenda Kariakoo nikanunua mizani ndogo ya jikoni ya betri, mume wangu akauliza tunafungua duka, nikamwambia kaa kimya.

Fungu la mchicha nililonunua siku hiyo, nikishakata mizizi na mashina magumu na kuchambua, lilibaki gramu 200. Tuko wanne ndani, kwa hiyo sahani ya mama gramu 50 za mbichi, ambazo zikiiva ni kama mwiko mmoja na nusu, unaziona ndogo lakini ndo zilezile. Piga hesabu, maikrogramu 570. Kotmiri, fungu zima nililokata kwenye kachumbari na vijiti vyake vile laini lilikuwa gramu 28, gawa kwa nne, 7 kila mtu. Maikrogramu 22. Yaani mama alikuwa anatoa jani moja moja la kotmiri pembeni ya sahani kwa ajili ya 22, wakati kiasi ambacho mwanamke anahesabiwa kuhitaji kwa siku ni 90. Niliona huruma na nikacheka.

Tukarudisha mchicha, kotmiri nikamwambia kula mama, INR ikashuka taratibu 3.1, 2.7. Nikajiona nesi.

Halafu ikaja Ramadhani. Daktari alishamruhusu afunge, kidonge anameza baada ya kufuturu. Katikati ya mwezi tumeenda kupima, 1.6! Mi moja kwa moja nikaikamata chatne. Maana kwetu futari bila bajia hakuna, na bajia bila chatne ya kotmiri mama haziiti bajia, anasaga mafungu mawili kwenye blenda na pilipili na ndimu na kitunguu saumu, halafu anachovya mpaka anapangusa kibakuli na kidole. Nikasema hapa kotmiri si ya kunyunyizia tena, hapa imekuwa mboga. Na si uongo, nilipima, mafungu mawili yale gramu 60, mama peke yake anamaliza nusu, kwa hiyo gramu 30, maikrogramu 93. Nikamfungia chatne. Siku nne tumefuturu mama kanuna, bajia anazila kavu, ananiambia "we mtoto umekuwa mkali kuliko daktari wenyewe".

Usiku wa tano nikaamka mwenyewe mapema kabla ya daku, kawaida yeye ndo ananiamsha mimi. Namkuta jikoni, kapasha sufuria la mchicha wa nazi uliobaki wa futari, kaumimina wote kwenye bakuli la supu, anakula na ugali wa jana. Nikamuuliza mama, kila siku? Akajibu kiporo cha mchicha anawaachia nani, mume wangu hali na mtoto hali, autupe, na Mwenyezi Mungu ameuleta?

Kesho yake nikapika mchicha vilevile, nikapima, lile bakuli likijaa linabeba mchicha uliokuwa gramu 90 mbichi. Zaidi ya maikrogramu 1000, usiku mmoja, juu ya aliokula wakati wa futari. Na nazi ndo inaongezea, maana vitamini K inapenda mafuta, jani lililopikwa na tui mwili unalivuna vizuri kuliko lile la kachumbari ya ndimu na chumvi. Mi nimemnyima mtu chatne ya 93 huku bakuli la 1000 linapita mgongoni kwangu nikiwa nimelala. Nilimuomba msamaha kweli, jioni yake nikasaga chatne mwenyewe.

Daktari tukampelekea daftari lote, akalisoma mpaka na ile kurasa ya bajia. Akasema dozi haongezi kwanza, tuweke kula sawa halafu apime baada ya wiki. Tulichofanya ni kutafuta kibakuli kimoja, cha bluu, cha plastiki, kilikuwa cha uji wa mtoto alipokuwa mdogo, kinabeba mchicha wa gramu 40 mbichi hivi ukishaiva. Kila siku kibakuli kimoja, si siku tatu hamna halafu ya nne sufuria. Siku ikiwa matembele basi matembele, kibakuli hichohicho, majani hayalingani najua, ila hayapishani kama vile mchicha na kabichi, maana kabichi ni 76 tu na bamia 31, hizo anakula anavyotaka. Kotmiri kwenye kachumbari na supu hatuipimi kabisa. Chatne vijiko viwili, na siku ya chatne kibakuli hakijazwi mpaka juu. Wiki ile ikasoma 2.1, iliyofuata 2.5, na tangu hapo haijatoka nje ya mstari isipokuwa mara moja alipopewa antibayotiki ya kifua, hiyo ilikuwa dawa si mboga.

Mizani nimeshairudisha kwenye boksi, siku hizi jicho linatosha.

Wiki iliyopita kaenda Tanga kwenye arusi ya mjukuu wa dada yake. Saa saba mchana simu inaita, nasikia masufuria nyuma yake, anasema kwa sauti ya chini kama anaiba, "mwanangu, hapa wamepika mchicha wa nazi, na kile kibakuli nimekisahau". Nikamwambia tumia kikombe cha chai, usikijaze. Akanyamaza kidogo. "Kikombe cha kwetu au cha huku? Maana vya huku vikubwa."