Kuvu walinzi katika udongo wa nyanya

Ukitafuta trikoderma, kuvu wa udongo wa kuzuia mnyauko fuzari (ugonjwa wa nyanya unaoletwa na kuvu aitwaye fuzari), nenda kwenye tuta lililougua, iwe bonde la Msimbazi au Kigamboni, uchimbe chini ya mche uliobaki mzima. Chukua udongo ulioshikana na mizizi, kina cha sentimita 5 hadi 15. Usiuache juani ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa. Joto la Dar huupika, na jibu la maabara halitakuwa la shambani.

Changanya gramu 10 za udongo na mililita 90 za maji yasiyo na vijidudu. Zimua mara kumi kumi hadi 1 kwa 10,000, kisha tandaza mililita 0.1 kwenye sahani ya agari ya viazi (chakula cha kukuzia kuvu maabara) yenye kloramfenikoli, miligramu 100 kwa lita, ili bakteria wasitawale. Kagua sahani kila siku. Rizopasi, kuvu mwingine wa ukungu, hufunika sahani nzima kwa siku mbili tu, na wengi hupotezea kazi hapo.

Jaribio la ana kwa ana, yaani trikoderma na fuzari kwenye sahani moja, ndilo hudanganya zaidi. Trikoderma hukua haraka; ukizipanda zote mbili siku moja, itashinda kwa mbio tu. Tanguliza fuzari siku mbili au tatu, na uwe na sahani ya fuzari peke yake ya kulinganishia.

Halafu jaribu kwenye vyungu. Mchanga wetu wa pwani una mboji kidogo, hivyo ongeza samadi iliyoiva vizuri. Usimwagie kabendazimu, dawa ya kuua kuvu: inaua trikoderma pia.