Jinsi ninavyolainisha nyama ngumu kwa ganda na moyo wa nanasi

Hapa Bukavu, nyama ya ng'ombe ambayo familia yangu inaimudu mara nyingi ni ya mnyama aliyezeeka, na kuichemsha mpaka ilainike hula makaa mengi, nayo makaa hayashikiki bei. Leo nyama hiyohiyo naikata mishikaki, inaiva upesi juu ya mbabula, yaani jiko la makaa, na mama mkwe wangu, ambaye meno yake yamepungua, anaitafuna bila taabu. Kinachoilainisha ni zile sehemu za nanasi ambazo watu wengi huzitupa.

Ushauri niliopewa mwanzoni uliniudhi, na bado nausikia ukirudiwa. Jirani alinihakikishia kwamba nikiponda nanasi zima na kuloweka nyama usiku kucha, itakuwa laini zaidi, kwa kuwa kadiri inavyokaa ndivyo inavyolainika. Asubuhi nilikuta vipande vimevaa ute wa kijivu ulionata vidoleni. Nilipojaribu kuvichoma kijiti, sehemu ya nje ilimeguka kama ugali mbichi, ilhali katikati nyama ilikuwa ngumu vilevile. Nyama ya sikukuu iliharibika yote, na hakuna aliyekuwa amenieleza sababu. Nanasi bichi lina kimeng'enya kiitwacho bromelini, ambacho hukatakata protini. Kinaanzia juu ya nyama, hupenya polepole, na hakiachi kazi mpaka kiondolewe au kikutane na moto mkali. Ndiyo maana muda ni jambo kubwa kuliko wingi wa nanasi.

Mwingine alinishauri niyachemshe kwanza maji ya nanasi ili yawe safi. Ushauri huo nao haufai, kwa sababu joto hukiua kimeng'enya chenyewe, na nanasi la kopo halilainishi nyama kwa sababu hiyohiyo. Usafi huanzia kwenye ganda: nalisugua nanasi zima kwa brashi na maji safi kabla ya kisu kuligusa.

Nalimenya kwa kutoa ganda jembamba tu, kisha nayafuata macho, ambayo yamejipanga kwa mistari ya mshazari, nikikata mfereji mwembamba kila upande wa mstari hadi utoke wote kwa pamoja. Kwa njia hiyo nyama tamu ya tunda hubaki kwa watoto, na ganda, mistari ya macho pamoja na ule moyo mgumu huingia kwenye kinu. Navitwanga, navikamua kwa kitambaa safi, na maji yake nayachanganya na kitunguu saumu, tangawizi na mafuta kidogo. Vipande vidogo hukaa humo nusu saa, vinene kidogo visizidi saa moja. Kidole kikianza kuteleza juu ya nyama, naitoa, naipangusa na kuipeleka motoni mara moja, nikiwa nimeshawasha makaa mapema.

Kuhusu kununua, mananasi yanayoshuka na mashua kutoka kisiwa cha Idjwi ndiyo ninayoyapenda, na bei hupungua sana msimu unapokolea. Ninanusa kitako cha tunda, lisiponukia, naliacha. Kuvuta jani la katikati, kama wauzaji wanavyopenda kuonyesha, hakuthibitishi utamu. Wala msikubali kuambiwa kwamba nanasi chachu litakolea nyumbani: likishakatwa shambani linaweza kubadili rangi na kulegea, lakini haliongezi sukari.

Wanaotia maziwa kwenye juisi ya nanasi bichi wainywe papo hapo, kwa sababu kimeng'enya kilekile huyafanya maziwa kuwa machungu. Mimi huyapika kwanza mapande ya nanasi ninapotaka kuyachanganya na maziwa. Makapi yanayobaki kitambaani nayachemsha na tangawizi na sukari kidogo, nayachuja, nasi tunayanywa na mishikaki.