Mradi wa ngalawa: tanga limefungwa, foromali imepata mahali pake

Mwili wa ngalawa ulishakamilika: gogo la mwembe limekauka na kupakwa sifa (mafuta ya samaki), mirengu, yaani miti ya kukingama, imefungwa, na ndubi, vile vielezi vya ubavuni, zimekaa sawa pande zote mbili. Mlingoti wa mvinje, mita 4, umesimama. Kilichobaki ni tanga, na kwangu mimi hapo ndipo penye utamu wa mradi wote.

Nilianza na foromali, boriti inayobeba tanga. Ni miti miwili ya mvinje, mnene mbele, mwembamba nyuma, inayopishana kama mita moja na nusu na kufungwa kwa kamba sehemu tatu. Jumla ina mita 6. Ule mwembamba nimeuchagua kwa makusudi, kwa sababu upepo ukija kwa kishindo ncha inajipinda na kuuachia upite juu, kabla chombo hakijalala. Bomba la chuma linaweza kuwa imara zaidi, lakini halipindi, na mzigo wote unaishia kwenye mlingoti.

Nguo ni marikani, kitambaa cha pamba. Kazi iliyokula muda ni dasi, ile kamba inayoshonwa kuzunguka tanga. Kamba inavutwa ikaze, nguo inaachwa ilegee kidogo, na ulegevu huo ugawanywe sawasawa pembeni kote, la sivyo tanga litakuwa na makunyanzi upande mmoja. Uzi nimeupaka nta. Sindano inaingia chini ya msokoto mmoja tu wa kamba, inatokea kwenye nguo, kisha inafuata msokoto unaofuata. Ukiikamata kamba nzima, mshono unailemaza na kuisokota. Vidole vinauma, lakini mshono ukishakolea mwendo, unapendeza macho.

Kufunga tanga kwenye foromali nimetumia vifungo vifupi, kila shubiri kimoja, kila kimoja kikijitegemea. Wapo wanaopenda kamba moja ndefu ya kuzungusha kwa sababu ni haraka. Mimi naona kamba hiyo ikikatika baharini, tanga lote linaning'inia.

Tukaipeleka majini Kunduchi, Dar es Salaam, asubuhi, kusi (upepo wa kusini) ikiwa bado ndogo. Henza, kamba ya kutwekea tanga, niliifunga kwenye foromali mita 1.7 kutoka ncha ya mbele, nikiwa na nia ya kupajaribu mahali hapo na kuhama. Mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa akishona nyavu kivulini, aliitazama akasema, "Mwanangu, hiyo itakuvuta joshini," yaani upande upepo unakotoka.

"Shikamoo, baba. Nisogeze nyuma?"

"Marahaba. Sogeza shubiri moja. Ukizidisha, haitataka kubisha." Yaani kwenda kinyume cha upepo.

Tulitoka kwanza ilivyokuwa, ili niuonje usukani. Kweli, kana (mkono wa usukani) ilikuwa nzito, na omo, mbele ya chombo, ilikuwa ikitafuta upepo kila nilipolegeza mkono. Tukatua tanga, nikahamisha fundo hadi mita 1.9. Sehemu kubwa zaidi ya tanga ikawa mbele ya mlingoti, na kana ikawa nyepesi, inashikika kwa vidole viwili. Sentimita 20 tu! Nilifurahi kupita kiasi.

Henza ina kazi mbili. Inatweka, kisha mwisho wake unafungwa kwenye mrengu wa upande wa upepo ili uushikilie mlingoti. Kwa hiyo kila tukigeuza, henza nayo inahama, na foromali inasimamishwa wima ipishwe mbele ya mlingoti hadi upande wa pili. Hapa wawili wanahitajika: mmoja kwenye kana, mwingine akimbie na demani, kamba ya kuongozea tanga. Safari fupi fupi tuliacha tanga limelalia mlingoti bila kupisha. Chombo kinakwenda, ila kwa uvivu.

Demani yenyewe haifungwi fundo. Naizungusha mara moja kwenye mrengu na kuishika mkononi, na hili sitalegeza kwa mtu yeyote nitakayempakia. Upepo wa ghafla ukikuta demani imefungwa, ndubi inazama.

Tulibisha kuelekea kisiwa cha Mbudya, tukarudi upepo ukiwa mgongoni. Marikani imeshanyooka, na vifungo vya katikati vimelegea upana wa kidole. Kazi inayofuata ni kuvikaza vyote upya, kulipaka sifa tundu la kichwani mwa mlingoti ambapo henza inapita, na kutia alama ya rangi kwenye foromali pale penye mita 1.9.