Siku moja maishani mwangu: kuzikamata seli zikiwa kazini

Saa mbili asubuhi. Naandaa seli za kutazamwa kwa hadubini ya elektroni. Sigusi inkubeta, kabati la joto zinamokua, kabla dawa ya kuzihifadhi zilivyo haijawa tayari. Napasha dawa hiyo, glutaraldehidi ya asilimia 2.5, hadi nyuzi 37, joto lilelile la seli, kwa sababu baridi huvunja maikrotubuli zake, vijibomba vinavyoishikilia kwa ndani, na mimi nataka kuzikuta zikiwa kazini.

Saa mbili na nusu. Namwaga chakula chao, namimina dawa papo hapo. Hizi sekunde chache ndizo siku yangu nzima. Seli ikikauka hata kidogo, hakuna hatua ya baadaye itakayoirudisha. Wengine huzikwangua kwanza kutoka kwenye sahani zilikoshikamana, ndipo wazitie dawa. Mimi sikubali, maana seli hai ikikwanguliwa hujikunja na kupoteza umbo.

Saa nne. Nimeshazikwangua, nikazizungusha kwenye sentrifuji na kuziosha. Sasa ni punje ndogo chini ya kichupa. Inafuata dawa ya pili, osmiamu tetroksidi ya asilimia 1, ndani ya kabati la kuvuta hewa, glavu jozi mbili, miwani usoni. Mvuke wake hudhuru macho vibaya. Lakini glutaraldehidi hushika protini tu. Bila osmiamu, mafuta ya utando unaoizunguka seli yangesombwa na alkoholi ya hatua inayofuata. Baada ya saa moja punje imekuwa nyeusi tii. Huwa nafarijika kuuona weusi huo.

Saa sita. Ethanoli: asilimia 30, 50, 70, 90, kisha 100 mara tatu. Alkoholi hii inaondoa maji, kwa sababu resini, gundi nitakayozigandishia seli, haipatani nayo. Mwezi uliopita niliharakisha hapa, vipande vikatoka laini, vikatoboka kwenye kisu, na seli nilizozilea wiki tatu zikapotea. Iliniuma sana.

Saa nane. Resini nusu kwa nusu na kiyeyusho. Kesho itakuwa resini tupu, kisha tanuri la nyuzi 60 kwa saa 48 hadi iwe ngumu.

Saa tisa. Nakata vipande vyembamba kutoka kwenye bonge la resini la wiki iliyopita kwa kisu cha almasi, unene nanomita 70. Vipande vinaelea majini vikiwa na rangi ya fedha. Vikiwa vya zambarau ni vinene mno, navitupa. Navipokea kwa kiwavu cha shaba cha milimita 3. Wakati wa kuvitia rangi yenye madini ya risasi sipumui juu yake, kwani hewa ya pumzi huacha chembe nyeusi.

Saa kumi na moja. Nazima taa, nawasha hadubini. Mitokondria ya kwanza, kiwanda cha nishati cha seli, inatokea, mikunjo yake ya ndani imepangana, hakuna uliopasuka.