Pikapu ya 504, sehemu ya umeme: fundi nimempata

Hali ilivyo: injini inanguruma vizuri, breki zimekaa sawa, na kutu ya chini ya milango imekatwa na kuchomelewa upya. Kilichokuwa kimebaki ni umeme, na umeme ndio umekula muda kuliko kazi nyingine zote. Gari lenyewe halikuwa na shida kubwa. Shida ilikuwa kumpata hapa Kisumu mtu wa kuligusa.

Kwa wageni, hii ni Peugeot 504 ya petroli, ya marehemu baba. Ilibeba mahindi na mbolea kati ya Kisumu na Kakamega kwa miaka mingi. Watu wa rika la baba hawaisahau 504, maana iliwashinda wenzake kwenye Safari Rally mwaka wa 1975 na tena 1978. Umeme wake ni wa kizamani: betri, oltaneta (inayozalisha umeme na kuchaji betri injini ikizunguka), stata (mota ya kuwashia injini), koili ya plagi, taa na kisanduku kidogo cha fyuzi. Haina kompyuta hata moja. Mtu mwenye mita na subira anaweza kuufuata kila waya kutoka mwanzo hadi mwisho.

Februari

Hitilafu zilikuwa mbili. Gari likikaa siku tatu bila kuwashwa, betri inakufa. Ukizungusha ufunguo unasikia tak-tak, basi. Ya pili ni taa za mbele, zilikuwa hafifu mno. Ukipanda kilima cha Riat usiku kutoka Mamboleo kuelekea Kiboswa, humwoni mtu anayetembea kando ya lami mpaka umemfikia, na njia ile ina watu wa miguu, ng'ombe na bodaboda zisizo na taa. Betri ningeivumilia. Taa zilikuwa zinaninyima usingizi.

Nilianzia kwenye magereji ya jua kali upande wa Kibuye. Wa kwanza hakufungua hata kisanduku cha fyuzi. Aliwasha injini, akachomoa kichwa cha betri ikiwa inanguruma, na ilipokosa kuzima akatangaza kwamba oltaneta ni nzima. Mwingine alitwaa kipande cha waya, akawa anakigusisha huku na huku akitafuta cheche. Wa tatu alisikiliza maelezo yangu kwa dakika moja, kisha akasema nikanunue oltaneta na betri mpya halafu tuone.

Hapo kwa kuchomoa betri naomba nikae kidogo, kwa sababu nimeona ikifanywa kila mahali, Nakuru, Eldoret, hata barabarani Ahero. Betri haikai pale kwa ajili ya kuwasha injini tu. Inameza pia mishtuko ya umeme unaotoka kwenye oltaneta. Ukiiondoa ghafla wakati oltaneta inazalisha, volti zinaweza kuruka juu kwa kitambo kidogo sana, na kitambo hicho kinatosha kuua diodi (mlango wa umeme wa upande mmoja ndani ya oltaneta) au regyuleta (kidhibiti cha volti zake). Kwa gari lenye kompyuta, hasara inaweza kufika mbali zaidi. Fundi akinyoosha mkono kuchomoa betri injini ikiwa inazunguka, mzuie. Mita ya bei ya chini kabisa inajibu swali lilelile bila hatari: injini ikiwa imewaka, betri isome kati ya volti 13.8 na 14.5 hivi. Ikibaki 12 na kitu, haichajiwi.

Machi

Nilibadilisha namna ya kuuliza. Badala ya "fundi mzuri wa magari ni nani?" nikawa nauliza "nani hapa hafanyi kazi nyingine ila umeme wa magari?" Majina yakapungua mara moja. Mekanika hodari wa kufungua injini si lazima ajue umeme, na hata mitihani ya ufundi inazitenganisha kazi hizi: mamlaka ya mafunzo ya viwanda, NITA, inampima fundi wa umeme wa magari peke yake na mekanika peke yake, kuanzia daraja la tatu, la pili, hadi la kwanza. NITA ina kituo chake cha mafunzo hapahapa Kisumu. Kwa hiyo si aibu kumwuliza mtu kwa heshima kama ana cheti na ni cha daraja gani. Waliokuwa nacho hawakukasirika. Mmoja alikitoa kwenye bahasha ya plastiki na kunionyesha kwa furaha.

Cheti pekee bado hakinitoshi. Nimekutana na wenye vyeti waliofunika fyuzi iliyoungua kwa karatasi ya sigara, na kijana asiye na karatasi yoyote aliyejua anachofanya. Kwa hiyo nilikuwa napeleka kazi ndogo kwanza. Honi yangu ilikuwa inalia na kukata. Nilisema tu "honi inasumbua", nikakaa pembeni kuangalia mkono wa fundi unaenda wapi: kwenye spana, kwenye mfuko wa spea, au kwenye mita.

Mzee niliyempata ana kibanda nyuma ya wauza vyuma chakavu. Alijifunzia kazi ujanani kwenye gereji ya Wahindi hapa mjini, na mitihani ya ufundi akaifanya baadaye. Kwenye honi alipima volti ikiwa inabonyezwa, akapima upande wa bodi, akakuta kutu kwenye skrubu ya athi, yaani pale umeme unaporudi betrini kupitia bodi. Akakwangua, akapaka grisi, akafunga. Hakuniuzia kitu. Siku hiyohiyo nikamwambia habari ya betri na taa.

Aprili

Aliniambia nilete gari asubuhi, likiwa limelala usiku kucha.

"Mwalimu, limezimwa tangu lini?"

"Tangu jana jioni, mzee."

"Basi usiliguse tena. Nipe ufunguo."

Betri ilisoma 12.3. Betri iliyojaa na kupumzika husoma kama 12.6, hivyo kuna kitu kilikuwa kinaila. Akafungua waya wa hasi, akaipitisha mita katikati, kati ya waya na betri, ikiwa kwenye ampea. Ikaonyesha 0.4. Gari zima likiwa limezimwa, hata taa ya ndani. Gari la namna hii halifai kuvuta zaidi ya 0.05. Tulipiga hesabu pamoja kwenye kipande cha kadibodi: 0.4 kwa saa 24 ni karibu ampea-saa 10 kila siku. Betri yangu ni ya ampea-saa 60. Siku tatu zinakula nusu yake, na betri kuukuu haiwezi kuzungusha stata kwa nusu iliyobaki.

Kisha akaanza kuchomoa fyuzi moja baada ya nyingine huku macho yake yakiwa kwenye mita. Namba haikusogea. Zilipokwisha zote akasema, "Mwizi hapiti kwenye fyuzi," akaenda moja kwa moja kwenye waya mnene wa oltaneta, ambao kwenye gari hili haupiti kwenye kisanduku. Alipoufungua, mita ikaanguka hadi karibu sifuri. Diodi mojawapo ndani ya oltaneta ilikuwa inarudisha umeme. Hakuridhika. Alirudisha kila kitu, akawasha injini, akaigeuza mita isome umeme wa AC (unaogeukageuka, ambao diodi nzima huuzuia) kwenye betri, na tukaona zaidi ya nusu volti, dalili nyingine ya diodi mbovu. Ndipo akaifungua oltaneta. Sahani ya diodi haikufika robo ya bei ya oltaneta niliyotakiwa kununua. Yule aliyesema tubadilishe oltaneta alikuwa karibu na jibu, ila hakupima chochote, na betri mpya ningeinunua bure.

Taa zilichukua alasiri moja. Injini ikiwa imewaka, kwenye betri kulikuwa na volti 13.9, kwenye balbu 11.6. Zaidi ya volti mbili zilipotelea njiani, kwenye swichi iliyochoka na waya mwembamba, na balbu ikikosa kiasi hicho mwanga wake unashuka karibu nusu. Kwa hiyo balbu kali zaidi haingesaidia; ingechoma swichi tu. Mzee aliweka rilei mbili (swichi zinazoamshwa kwa umeme mdogo ili kupitisha umeme mkubwa), ya taa fupi na ya taa ndefu. Waya mpya mnene unatoka betri kupitia fyuzi ya ampea 15 hadi pini 30, pini 87 inaenda kwenye taa, na swichi ya zamani sasa kazi yake ni kuamsha rilei kupitia 85 na 86. Balbu zangu ni H4, wati 60 kila moja kwenye taa ndefu, jumla kama ampea 10, hivyo fyuzi hiyo inatosha. Tulipopima tena, balbu zilikuwa zinapata 13.5. Nimeshapanda Riat usiku. Nimewaona watu wa miguu wakiwa mbali.

Shemeji yangu mwenye Mazda ndogo aliniuliza kama mzee huyu anaweza gari la kompyuta. Anaweza, kwa sababu mazoea ni yaleyale. Gari hilo lilikuwa limesomwa kwa mashine mahali pengine, ikatoka msimbo wa hitilafu P0335, akauziwa sensa ya krenki (inayosoma mzunguko wa injini). Lakini msimbo huo unataja mzunguko mzima wa sensa, pamoja na waya na plagi yake. Mzee alipima waya kwanza, akaukuta umelika ndani ya ganda lake karibu na injini.

Sasa

Kazi iliyobaki ni waya za nyuma, kutoka kabini hadi taa za breki na indiketa. Zimeungwa kwa tepu mara nyingi kiasi kwamba mzee hataki kuzikarabati. Anataka tutoe zote. Pikapu ni gari la biashara, lazima likaguliwe na NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kila mwaka, na taa za nyuma ni miongoni mwa vitu vya kwanza kutazamwa. Amenipa orodha: waya wa rangi tofauti kwa kila taa, mpira wa kupitishia waya kwenye matundu ya chesi, na fyuzi za akiba. Jumamosi tunaanza na upande wa kushoto, na nitaweka hapa mchoro wa rangi tukimaliza, ili mwenye 504 mwingine asianze kubahatisha.