Redio ndani ya dishi

Wengi hawajui kama king'amuzi kina redio, mie mwenyewe nimegundua mwezi huu tu hapa Wete, nimebonyeza rimoti vibaya tivi ikawa nyeusi, limebaki jina la stesheni tu na sauti ya udi inatoka! Tokea hapo kila baada ya isha nawinda stesheni za redio. Nyingi ni nyimbo zile zile zinajirudia, hamna mtangazaji, hizo naruka. Mie nataka mtu akwambie nani kapiga ganuni, ile ala ya nyuzi ya taarab. Juzi nimekutana na Umm Kulthum, yule mwimbaji wa Misri, wimbo mmoja karibu saa nzima, ndo unaelewa Ikhwan Safaa, kikundi cha taarab cha Unguja kilichoanza 1905, walikuwa wanachota wapi. Saa za vipindi naandika mwenyewe kwenye daftari, maana ratiba hamna. Ila mvua ya masika ikishuka, kwisha, dishi linakata.