Betri Mbili za Pikapu ya Dizeli

Pikapu yangu, Land Cruiser ya dizeli, hutumia betri mbili za volti 12 zilizounganishwa sambamba, yaani chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, hivyo volti hubaki 12 huku mkondo wa kuzungusha staata ukiongezeka. Injini ya dizeli huwasha mafuta kwa kugandamiza hewa mpaka ipate joto kali, na ndiyo maana staata yake hudai umeme mwingi kuliko ya petroli.

Kwa sababu hiyo hununua betri zote mbili kwa pamoja, za aina na ukubwa ule ule, kwani iliyochoka huinyonya mpya hata gari likiwa limeegeshwa. Wauzaji husifu ampea za kuwashia kwenye baridi, ambazo hupimwa kwenye nyuzi -18 za Selsiasi. Kwa Dar es Salaam mimi hutazama kwanza tarehe ya kutengenezwa, maana joto ndilo linaloua betri zetu, na iliyokaa dukani mwaka mzima bila kuchajiwa siichukui hata kwa punguzo. Kabla ya kufunga mpya, fundi apime altaneta, yaani kifaa kinachochaji betri injini ikiwaka: injini ikiwa inaunguruma, volti ziwe takriban 13.8 hadi 14.4.